Karani wa Mbali kwa Shamba Dogo la Maua Babati

Shamba la maua linalouza kwa vifurushi vya mwezi huuza ahadi kabla ya kuuza ua. Mteja hulipa mwanzoni mwa mwezi, kisha kila Ijumaa hutarajia shada lake mlangoni, mvua inyeshe isinyeshe, pikipiki ipate pancha isipate. Ndiyo maana nusu ekari ya maua yenye wateja thelathini huwa na kazi ya uandishi kuzidi ekari tano za mahindi. Mahindi huuzwa kwa gunia, mara moja au mbili kwa msimu. Shada huuzwa mara nne kwa mwezi kwa kila mteja, na kila shada lina jina, mahali pa kupelekwa, siku, malipo na lawama zake. Kibaya zaidi, kazi hiyo hugongana na ya shambani saa ileile: maua hukatwa alfajiri kabla jua halijapanda, na wateja nao huanza kutuma ujumbe mara wanapoamka.

Kulipia mazao kabla ya mavuno si jambo jipya. Japani mfumo huo ulienea miaka ya 1970 kwa jina la teikei, na Marekani ulianza 1986 katika mashamba mawili, moja Massachusetts na jingine New Hampshire. Kote huko mkulima alipata fedha mapema, na pamoja nayo akapata mzigo wa kutunza kumbukumbu za watu waliokwisha kumlipa. Mashamba makubwa ya maua ya Usa River na maeneo mengine ya Arusha, yanayouza nje ya nchi, hayasumbuliwi na jambo hili kwa namna hiyo, kwa kuwa wanunuzi wao ni wachache na ofisi ya kuwahudumia ipo. Mkulima mdogo wa Babati ana wanunuzi wengi wadogo, na ofisi yake ni simu iliyo mfukoni mwa koti lenye matope.

Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, una wateja wa kutosha kwa biashara hiyo. Zipo ofisi za serikali na mabenki, yapo makanisa na kumbi za harusi, zipo nyumba za Bagara, Maisaka na Nangara, na kuna hoteli za watalii kwenye barabara ya Arusha kuelekea Tarangire. Kila kundi lina desturi zake za kulipa. Nyumba hulipa kwa simu, siku yoyote. Kanisa hulipa kupitia mhasibu wa parokia. Hoteli hutaka ankara na risiti ya EFD, na mara nyingi hulipa mwezi unaofuata. Mtu mmoja aliyeshika mkasi wa kukatia maua hawezi kufuatilia yote hayo bila kuharibu ama maua ama hesabu.

Kazi inayokwenda mbali na isiyokwenda

Karani wa mbali ni mtu anayefanya kazi za ofisi kwa simu na kompyuta bila kufika shambani. Anaweza kuwa Dodoma, Tabora, au mtaa wa pili hapohapo Babati. Kinachomfanya awe wa mbali ni kwamba hana dawati shambani na haoni maua. Hilo la kutoona maua ndilo linaloamua mengine yote. Karani hujua kile tu ambacho shamba limemwandikia. Kazi inayofanywa kwa macho na vidole hubaki shambani, na kazi inayofanywa kwa kusoma na kuandika huweza kupelekwa kwake.

Kwa kipimo hicho, karani anaweza kupokea ujumbe wa wateja na kuujibu, kuandika oda, kukumbusha waliochelewa kulipa, kulinganisha majina na taarifa ya lipa namba, kupanga orodha ya bodaboda kwa kufuata mitaa, na kuandaa ankara za hoteli na kuzifuatilia hadi zilipwe. Kuweka picha za shamba Instagram nako kumo, ingawa kazi hiyo hupewa uzito mkubwa kuliko faida yake: shamba lenye wateja thelathini wa kudumu halihitaji wafuasi elfu tatu walioko Dar es Salaam.

Mambo manne hayapaswi kutoka mikononi mwa mwenye shamba: bei, idadi ya wateja wapya wanaopokelewa, fedha zinazotoka, na fidia ya maua yaliyoharibika. La pili husahauliwa mno. Karani mwenye bidii, asiyejua kuwa tuta la zinia limeshambuliwa na ubwiriunga, atapokea wateja watano wapya kwa furaha ya kazi nzuri, na Ijumaa shamba litakuwa na deni la mashada matano ambayo hayapo.

Wiki iandikwe kwanza

Kosa la kawaida ni kuajiri mtu kwanza na kufikiria kazi yake baadaye. Mtu akishaajiriwa hivyo, mkulima hujikuta akijibu maswali ya karani badala ya maswali ya wateja, na hapo hakuna alichopunguza. Kabla ya tangazo lolote kutoka, wiki ya shamba iandikwe kwenye ukurasa mmoja.

Mfano wa shamba linalopeleka maua Ijumaa unaweza kuwa hivi. Jumanne jioni mwenye shamba hupita kwenye matuta na kuhesabu vikonyo vitakavyokuwa tayari. Zinia hutikiswa: kikonyo kikishikwa chini ya ua na kutikiswa, kikikaa wima kimekomaa, na kikipinda bado. Alizeti huhesabiwa zile ambazo petali zake zimeanza kufunguka, kwa kuwa zilizochanua kabisa hazitafika mbali. Gladiola hukatwa vichipukizi vya chini vinapoonyesha rangi. Hesabu hiyo hutumwa kwa karani kabla ya saa 2 usiku, kwa ujumbe mfupi wa namba tupu: zinia 260, alizeti 70, gladiola 90, majani mafungu 35.

Hapo ndipo kazi ya karani huanza. Kama shada moja lina zinia 8, alizeti 2 na gladiola 3, wateja thelathini wanahitaji zinia 240, alizeti 60 na gladiola 90. Hesabu inatosha, zinabaki zinia 20 na alizeti 10, na gladiola hazina akiba hata moja. Karani huona hilo Jumatano asubuhi na kuuliza mapema: gladiola zikipungua, kipi kiwekwe mahali pake? Jumatano huthibitisha waliosafiri na wanaotaka kusitisha. Alhamisi hutuma orodha ya kukata na orodha ya njia. Ijumaa husubiri picha za mashada yaliyofikishwa, huweka alama kwa kila jina, na jioni huandika taarifa ya mistari mitano: yaliyofika, yasiyofika, malalamiko, waliolipa, wanaodaiwa. Jumamosi ni ya ankara. Jumapili na Jumatatu karani hapigiwi simu.

Ukurasa huo ukishaandikwa, saa za kazi hujihesabu zenyewe. Kwa wateja thelathini mara nyingi kazi si ya kutwa; ni ya saa chache kila siku, siku nne au tano kwa wiki. Kujua hilo ni muhimu kwa sababu za kisheria zitakazoelezwa mbele.

Daftari la wateja nalo liwe moja, kwenye jedwali la mtandaoni kama Google Sheets, ambalo mwenye shamba anaweza kulifungua kwa simu. Safu zinazohitajika ni jina, namba ya simu, siku, aina ya kifurushi, tarehe ambayo malipo yanaishia, na mahali. Safu ya mahali ndiyo yenye matatizo. Tangu Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 nyumba nyingi zina namba na barabara zina majina, na anwani hiyo iandikwe. Lakini bodaboda bado hutafuta geti la bluu baada ya mashine ya kusaga. Yote mawili yaandikwe.

Kalenda ya maua

Karani ambaye hajui kalenda ya mji atachanganya shamba. Kwa Wakatoliki, altare haipambwi kwa maua wakati wa Kwaresima, isipokuwa Dominika ya nne, yaani ya Laetare, pamoja na sherehe na sikukuu. Kifurushi cha parokia basi husimama kwa wiki kadhaa na kurudi kwa kishindo Pasaka. Mwaka 2024 Jumatano ya Majivu iliangukia 14 Februari, siku ileile ya Wapendanao. Mwaka 2026 iliangukia 18 Februari, siku nne baada yake. Miaka ya namna hiyo shamba huuza sana wiki moja na kupoa wiki inayofuata, na karani aliyeiona kalenda mapema hutumia ule upoaji kusogeza vikonyo vya kanisani kwenda kwa wateja wa nyumbani. Harusi za Kikristo nazo hupungua wakati wa Kwaresima, kama za Kiislamu zinavyopungua Ramadhani. Hoteli za watalii hupoa Aprili na Mei, msimu wa mvua. Siku ya Mama, Jumapili ya pili ya Mei, huwakuta wakulima wengi hawajajiandaa.

Kwa hiyo wakati mzuri wa kumwanzisha karani ni miezi ya kiangazi, Juni au Julai, kazi ikiwa inakwenda kwa mwendo wa kawaida. Anayeanza wiki ya kwanza ya Februari hujifunza kazi kwa kuiharibu.

Kumpata mtu

Uandishi wa ofisi ni taaluma yenye vyuo vyake nchini. Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi ya Tabora inayojulikana kwa miaka mingi kwa uhazili, na vyuo kadhaa vya VETA hufundisha uhazili na kompyuta. Wahitimu wa kozi hizo ni wengi kuliko nafasi za ofisini, na wapo waliosoma kazi hiyo kisha wakabaki nyumbani kulea. Kazi ya saa mbili au tatu kwa siku, isiyohitaji nauli wala chumba cha kupanga mjini, huwafaa watu kama hao kuliko inavyomfaa kijana anayetafuta ajira ya kutwa na atakayeondoka mara tu akiipata. Tangazo linaweza kupitia kwa walimu wa vyuo, mbao za matangazo za parokia na misikiti, TaESA inayounganisha watafuta kazi na waajiri, na wateja wenyewe.

Majukwaa ya kimataifa ya kuajiri wasaidizi yapo, na bei zake wakati mwingine huvutia. Kwa shamba la Babati hayana faida kubwa. Mteja anayeandika "Tumsifu Yesu Kristo" anatarajia jibu lake kabla ya habari ya maua, na anayeandika "Bwana Yesu asifiwe" au "Assalaam aleykum" vilevile. Mama mtu mzima huamkiwa shikamoo hata kwenye WhatsApp. Asiyejua hayo hafundishwi kwa orodha ya maagizo.

Mwombaji huombwa wasifu, nakala ya kitambulisho cha NIDA, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa anakoishi na wadhamini wawili, kama ilivyo desturi. Nyaraka hizo huthibitisha yeye ni nani, hazisemi anaandikaje. Kinachosema ni jaribio fupi, na jaribio hilo lilipwe, kwa kuwa ni kazi. Mwombaji apewe jedwali la wateja kumi wa kubuni na ujumbe kumi uliochanganywa: mmoja anasitisha wiki mbili kwa kuwa anasafiri, mwingine amelipa 30,000 badala ya 40,000, mhasibu wa parokia anauliza kama Kwaresima wanadaiwa, mtu ametuma picha ya muamala usioonekana kwenye taarifa ya malipo, na mama mmoja amekasirika kwa kuwa maua yamefika yamelegea.

Jibu zuri kwa huyo wa mwisho linafanana na hili: "Shikamoo Mama. Pole sana kwa maua kufika yamelegea. Tunaomba picha moja, na utuambie yaliwekwa kwenye maji saa ngapi. Shamba litakujibu leo kabla ya saa 10 jioni." Limeomba radhi bila kutafuta wa kulaumiwa, limeomba kile ambacho mwenye shamba atahitaji ili kuamua, limetaja saa, na halikuahidi shada jipya ambalo karani hana mamlaka ya kulitoa. Mwombaji anayejibu kwa aya tatu za maneno matamu hafai. Anayeuliza swali pale taarifa inapopungua anafaa, hata kama kasi yake ya kuchapa ni ndogo.

Mkataba na sheria

Wengi hudhani kuwa mtu anayefanya kazi nyumbani kwake, kwa saa chache, si mwajiriwa. Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, humchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hata mkataba ukimwita vingine, ikiwapo hata moja ya dalili inazozitaja, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Miongoni mwazo ni kufanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, kupangiwa saa, kupewa vitendea kazi, kumtegemea mtu huyo kiuchumi, kumfanyia kazi yeye peke yake, na kumfanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 10 kwa wiki ni kama saa 43 kwa mwezi. Saa 11 ni karibu 48. Lakini kubaki chini ya 45 hakutoshi kumfanya mtu awe mkandarasi, kwa kuwa karani anayepangiwa saa, anayepewa simu ya shamba na asiye na mteja mwingine amekwisha kutimiza dalili tatu. Ni salama zaidi kumhesabu kuwa mwajiriwa wa saa chache na kupanga gharama kwa msingi huo.

Gharama zenyewe si za kutisha. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, huchangiwa na mwajiri pekee, asilimia 0.5. Kodi ya mshahara, PAYE, huanza kwenye kipato kinachozidi shilingi 270,000 kwa mwezi. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi huwahusu waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi. Kwa mshahara wa 250,000, NSSF ni 50,000, nusu kwa nusu, WCF ni 1,250, PAYE hakuna. Mwajiri anatoa 276,250 na karani anapokea 225,000. Kama karani ana ajira nyingine ya msingi, hesabu ya PAYE hubadilika, na jambo hilo liulizwe TRA kabla ya mshahara wa kwanza. Kima cha chini cha mshahara hutangazwa kwa amri ya serikali na hupandishwa mara kwa mara, kwa hiyo amri inayotumika iangaliwe kabla ya kutaja mshahara kwenye tangazo.

Karani ambaye kweli anajitegemea, mwenye wateja wake wengine, vifaa vyake na saa zake, anaweza kulipwa kwa ankara. Hapo kodi ya zuio ni asilimia 5 kwa huduma ya mkazi na asilimia 15 kwa asiye mkazi, na TIN yake iwepo.

Mkataba uwe wa maandishi. Utaje kazi, saa, mshahara na siku ya kulipwa, nani analipia bando, nani anamiliki laini na daftari, na jinsi ya kuachana. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua saini ya kielektroniki, hivyo haihitajiki safari ya Tabora kwa ajili ya saini. Likizo ya mwaka chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ni siku 28, na mwenye kulipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku zisizopungua 28, au 7 ikiwa bado yuko kwenye mwezi wa kwanza. Kazi ya baina ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ni kazi ya usiku na ina nyongeza ya asilimia 5. Kifungu hicho kina maana kubwa kuliko kinavyoonekana, kwa kuwa wateja wa maua hupenda kuandika saa 3 usiku, wakishakula. Suluhisho ni ujumbe wa kujijibu wa WhatsApp Business unaosema kuwa ofisi hufunguliwa saa 2 asubuhi, na karani akalala.

Simu, fedha na namba ya siri

Laini ya biashara isajiliwe kwa alama za vidole na NIDA ya mwenye shamba, si ya karani. Laini iliyosajiliwa kwa jina la karani ni mali ya karani, pamoja na wateja wote waliohifadhiwa humo. Kupiga *106# huonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu. WhatsApp Business hukaa kwenye simu iliyo shambani, na karani huunganishwa kama kifaa cha ziada. Akaunti moja huruhusu vifaa vinne vya namna hiyo, na simu kuu isipotumika kwa siku 14 vifaa hivyo hutolewa. Karani hujibu kwa namba ya shamba bila kuwa na laini, na mwenye shamba anaweza kumwondoa kwa kubonyeza mara chache.

Fedha ziingie kwa lipa namba ya shamba pekee. Karani hahitaji namba ya siri ili kujua nani amelipa. Anahitaji kuona taarifa ya miamala, ambayo mwenye shamba huituma kila jioni. Malipo huthibitishwa kwa taarifa hiyo, kamwe si kwa picha ya skrini aliyotuma mteja, kwani picha hutengenezwa. Kila Mtanzania mwenye simu amewahi kupata ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii", na tapeli akijua kuwa shamba lina karani mpya huandika kwa jina la karani huyo. Kwa hiyo siku karani anapoanza, wateja wote wapewe tangazo moja kutoka namba ya shamba: jina la karani, jina litakalotokea wakati wa kulipa, na kauli kwamba lipa namba haitabadilishwa kwa ujumbe wa simu.

Malipo ya bodaboda, pembejeo na vibarua hutoka kwa mwenye shamba. Karani huandaa orodha, mwenye shamba hulipa.

Siri za daftari

Daftari la wateja wa maua lina siri kuliko linavyoonekana. Linaonyesha nyumba gani haina mtu wiki mbili zijazo, kwa kuwa mwenyewe amesitisha akisafiri. Linaonyesha nani anamtumia nani maua, jambo ambalo katika mji mdogo linaweza kuvunja nyumba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamtaka mkusanyaji na mchakataji wa taarifa kama hizo kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kuzilinda. Kwa vitendo, karani apewe ruhusa ya daftari kwa barua pepe yake mwenyewe, asilipakue kwenye kompyuta ya mgahawa wa intaneti, asionyeshe jina la mtumaji kwenye orodha ya bodaboda, na sababu ya kusitisha isiandikwe kabisa. "Amesitisha hadi 20" inatosha.

Mtandao unapokatika

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikadhoofika Tanzania nzima. Mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa Uchaguzi Mkuu, ilizimwa kwa siku kadhaa. Umeme wa kawaida nao hukatika bila kusubiri matukio ya namna hiyo. Maua hayasubiri. Kinga ni karatasi: kila Jumatano mwenye shamba huchapisha au kunakili kwa mkono orodha ya wiki, yenye majina, simu na mahali, na kuibandika kwenye banda la kufungia mashada. Ikitokea karani hapatikani Alhamisi, shamba hupeleka maua kwa orodha hiyo na kurekebisha hesabu baadaye.

Mwezi wa kwanza na mwisho wa kazi

Wiki ya kwanza karani huandika rasimu za majibu, na mwenye shamba ndiye hutuma. Wiki ya pili karani hutuma mwenyewe majibu ya kawaida na kuuliza yasiyo ya kawaida. Maswali yake yote yakusanywe kwenye ukurasa mmoja pamoja na majibu yake, kwa kuwa ukurasa huo ndio mwongozo wa karani atakayefuata. Kufikia wiki ya nne vipimo viwili hutosha: idadi ya mashada yaliyokosewa kwa sababu ya uandishi, na fedha zinazodaiwa mwisho wa mwezi zikilinganishwa na mwezi uliotangulia. Wingi wa ujumbe uliojibiwa si kipimo. Kama mashada yanakosewa, daftari liangaliwe kabla ya mtu. Mara nyingi kosa linatokana na hesabu ya Jumanne iliyotumwa Jumatano saa 5 asubuhi.

Simu moja ya dakika kumi kwa wiki, siku isiyo ya maua, hufaa kuliko ujumbe wa sauti ishirini. Picha za matuta zitumwe pia, si kwa mapambo, bali ili karani ajue anachokiandikia.

Karani anapoondoka, kwa notisi au kwa makubaliano, kifaa chake huondolewa kwenye WhatsApp, ruhusa ya daftari hufutwa, na nywila zote alizozitumia hubadilishwa siku hiyohiyo. Hulipwa mshahara wa siku alizofanya kazi na likizo ambayo hakuitumia, hupewa hati ya utumishi kama sheria inavyotaka, na wateja huarifiwa kwa ujumbe mmoja kutoka namba ya shamba. Asiyeridhika na kuachishwa ana siku 30 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa hiyo mkataba, taarifa za jioni na kumbukumbu za malipo zihifadhiwe.